BYD Atto 3: betri ya kWh 49.92 au 60.48, na kwa nini soketi huja kwanza

Atto 3 ni gari la umeme la viti 5, la kimo cha kati, la kampuni ya BYD ya China, na huku kwetu huuzwa rasmi Kenya na Rwanda kupitia kampuni ya CFAO. Matoleo yanayomhusu mnunuzi ni mawili: la betri ndogo ya kWh 49.92 (kWh moja ni uniti moja ya umeme, ile ya kwenye bili), ambalo karatasi za mauzo huliita Standard, na la betri kubwa ya kWh 60.48, linaloitwa Extended. Mengine yote yanakaribiana mno. Mota ni ile ile ya kW 150 na msokoto wa Nm 310, na inasukuma magurudumu ya mbele pekee katika matoleo yote mawili. Anayetafuta magurudumu manne ya kusukuma kwa ajili ya tope asidhani atayapata kwa kuongeza pesa kwenye toleo la juu, kwa sababu hayamo. Kibao cha chini kiko takriban mm 175 juu ya ardhi gari likiwa tupu, na hilo nalo halibadiliki.

Kwa hiyo unachonunua ukipanda toleo ni kWh 10.56 za ziada. Kwenye chaja ya haraka ya kW 50, umeme huo huingia kwa dakika 13 hivi. Uamuzi wote unazunguka hapo: je, kwenye njia zako kuna chaja ya namna hiyo, inayofanya kazi, isiyo na foleni, kila unapoihitaji? Ikiwapo, betri ndogo inatosha watu wengi zaidi ya wanavyodhani. Isipokuwapo, zile kWh 10.56 ndizo zitakazokufikisha nyumbani.

Namba 3 za gari moja

Kabla ya kulinganisha masafa, jua kwamba betri ile ile hupewa namba tofauti kulingana na kipimo kilichotumika. Betri kubwa huandikwa kilomita 510 nchini China kwa kipimo cha CLTC, 480 kwa kipimo cha NEDC kinachotumika kwenye matangazo mengi ya Afrika, na 420 kwa kipimo cha WLTP cha Ulaya. Betri ndogo ni 430, 410 na 345. Mtu anayekuuzia gari lililoandikwa 510 hana betri kubwa kuliko yule mwenye gari la 420. Ni betri moja, vipimo ndivyo tofauti. Muulize kWh, usimuulize kilomita.

Hata WLTP ina ukarimu kidogo kwa barabara kuu. Tumia hesabu hii badala yake: mjini kwa mwendo wa taratibu gari hili hutumia takriban kWh 16 kwa kilomita 100, safari ya mchanganyiko 18, na barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, ni 20 au zaidi. Tena usihesabu betri nzima, kwa sababu dereva mwenye busara hashuki chini ya asilimia 10. Kutoka 100 hadi 10, hali iko hivi:

| Matumizi kwa km 100 | Betri ndogo | Betri kubwa |
|---|---|---|
| kWh 16 | km 280 | km 340 |
| kWh 18 | km 250 | km 302 |
| kWh 20 | km 225 | km 272 |

Tofauti ni kilomita 47 hadi 60. Iandike hiyo pembeni ya tofauti ya bei utakayopewa. Kisha chukua tofauti ya bei uigawe kwa 10.56. Kwa mfano, pengo likiwa KSh 600,000, kila kWh ya ziada inakugharimu takriban KSh 56,800. Hesabu hii humsaidia mtu kuliko maneno ya muuzaji, kwa sababu sasa unaweza kujiuliza kama pesa hizo zingefanya kazi zaidi kwenye chaja ya nyumbani, seti ya matairi mazuri na bima.

Milima inakula betri ndogo kwanza

Vipimo vya kiwandani hufanywa bila kupanda. Sisi tunapanda. Gari lenye watu wanne na mizigo lina uzito wa kilo 2,050 hivi. Kuliinua mita 600, kama unapopanda kutoka Bonde la Ufa kurudi Limuru, kunakula karibu kWh 4 juu ya matumizi ya kawaida. Kuliinua kutoka Mombasa hadi Nairobi, mita 1,795, kunakula kWh 11 hadi 12 ukijumlisha umeme unaopotea kwenye mota na vifaa vyake. Hiyo ni karibu robo ya betri ndogo, na chini kidogo ya moja ya tano ya betri kubwa.

Chukua safari hiyo ya kilomita 485. Kwa matumizi ya kWh 18, unahitaji 87 kwa tambarare, na ukiongeza za kupanda hadi Nairobi jumla inakaribia 99. Betri kubwa ikianza na asilimia 100 inatoa 54 kabla ya kufika 10, na kituo kimoja cha kuchaji hadi 80 kinaongeza 42. Hiyo ni 96, pungufu kidogo ya 99, kwa hiyo vituo viwili vifupi ndiyo mpango salama. Betri ndogo inaanza na 45, na kila kituo hadi asilimia 80 kinaongeza 35, hivyo ni vituo viwili virefu na hakuna nafasi ya kukosea. Ukikuta chaja ya kwanza imezimwa, mwenye betri kubwa anaweza kusogea hadi nyingine. Mwenye betri ndogo anatafuta hoteli yenye soketi.

Kushuka kuelekea Mombasa ni rahisi zaidi, kwa sababu mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme. Lakini ukianza mteremko betri ikiwa 100, hakuna pa kuuweka huo umeme, na utahisi gari halijizuii kama ulivyozoea, breki za kawaida zinafanya kazi yote. Anayeishi juu ya mlima na kuteremka kila asubuhi achaji hadi 90 siku za kawaida.

Nairobi hadi Nakuru na kurudi, kilomita 320, ni mtihani mzuri kwa sababu watu wengi huifanya siku moja. Unahitaji karibu kWh 62 pamoja na za mlima. Hakuna toleo linaloimaliza kwa raha bila kuchaji, lolote lisemwalo na tangazo. Betri kubwa inahitaji dakika 10 za chaja ya kW 50, ndogo inahitaji dakika 20 au zaidi. Ukiwa unakaa Nakuru saa mbili kwa shughuli zako, tofauti hiyo huioni kabisa.

Kasi ya kuchaji

Betri ndogo hupokea hadi kW 70 kwenye chaja ya haraka, kubwa kati ya 80 na 88 kulingana na soko gari lilikotengenezewa. Kwenye karatasi ni tofauti. Kwenye chaja ya kW 50 ni sawa, kwa sababu chaja ndiyo inayoweka mpaka. BYD inataja dakika 29 kutoka asilimia 30 hadi 80 kwa betri kubwa, na hapo inahitajika chaja yenye nguvu zaidi ya hiyo ya 50. Usilipie toleo la juu kwa ajili ya kasi.

Nyumbani matoleo yote mawili hupokea kW 7 kwa fezi moja. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hujaza betri ndogo kutoka sifuri kwa saa 8, na kubwa kwa saa 9 na nusu. Kwa kuwa hakuna anayefika nyumbani na sifuri kila siku, usiku mmoja unatosha kwa yoyote kati ya hizo mbili. Magari ya Ulaya yenye kipokezi cha kW 11 yana faida penye fezi tatu tu. Kwenye nyumba ya fezi moja usilipie zaidi kwa ajili yake.

Chaja ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani iwekwe ampea 10, sio 13. Soketi ya pini tatu haikutengenezwa kubeba ampea 13 saa kumi mfululizo. Hupata moto, plastiki hulainika, na mara nyingi kinachoungua ni kiungo kilicholegea nyuma ya soketi mahali usipopaona. Kwa ampea 10 unapata kW 2.4, yaani kilomita 110 hivi kwa usiku wa saa 10. Mtu wa kilomita 40 kwa siku hahitaji zaidi ya hapo, toleo lolote achukue. Kamwe usitumie waya wa kuongezea uliokunjwa kwenye gurudumu lake. Waya uliokunjwa haupoi.

Ukiweka chaja ya ukutani, mwambie fundi umeme haya: waya wa mm² 10 kama umbali kutoka kwenye boksi la mita ni mrefu, sakiti breka yake yenyewe ya ampea 40, na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha aina ya B, au aina ya A ikiwa chaja yenyewe ina ulinzi wa DC wa mA 6. Kifaa cha kawaida cha bei rahisi hupofushwa na uvujaji wa DC kutoka kwenye gari na kikaacha kulinda. Waya wa ethi upimwe, usikadiriwe. Gari likikataa kuchaji nyumbani lakini likakubali kwenye duka kubwa, kosa la kwanza kulitafuta ni ethi mbovu. Na kumbuka shawa ya kupasha maji: kW 5.5 zake ni ampea 23, ukijumlisha 32 za gari umefika 55, na laini ya ampea 60 imebakiwa na kidogo cha jiko na pasi. Ipangie gari kuchaji usiku wa manane.

Kuhusu bili, toleo halina uzito. Kilo 70 za ziada za betri kubwa, yaani kilo 1,750 badala ya 1,680, hazibadilishi matumizi kwa kiasi cha kuonekana. Hesabu uniti 20 za ukutani kwa kilomita 100, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Nchini Kenya, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilitenga mwaka 2023 bei maalumu ya magari ya umeme, KSh 16 kwa uniti na 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi. Kwa bei ya msingi hiyo, kilomita 100 ni KSh 320 au 160.

Asiyekuwa na pa kuchajia nyumbani

Mpangaji wa ghorofa anayetegemea chaja za nje achukue betri kubwa, na hapa hatuna shaka. Sababu si safari ndefu. Kilomita 40 kwa siku ni 280 kwa wiki. Betri kubwa inakupeleka wiki nzima kwa chaji moja ukiendesha kwa utulivu, nawe unachagua siku na saa isiyo na foleni. Betri ndogo inaishia siku ya sita, na wiki yenye mvua na msongamano inaishia ya tano. Baada ya miezi michache ratiba yako inaanza kufuata gari.

Betri za Atto 3 ni za LFP, yaani lithiamu yenye chuma na fosfati, za muundo ambao BYD huuita Blade. Aina hii haichoki kwa kujazwa hadi 100 kama betri nyingine za lithiamu, na BYD yenyewe hushauri ijazwe kabisa angalau mara moja kwa wiki. Volti ya LFP haishuki sana kati ya asilimia 80 na 20, kwa hiyo kompyuta hupata shida kujua kilichobaki mpaka ione kilele. Anayechaji nusu nusu kwa miezi huanza kuona mita ikiruka, kwa mfano kutoka 18 hadi 9 ghafla. Mara nyingi betri haijaharibika, ni hesabu iliyopotea. Kosa kama hilo kwenye betri ndogo linaumiza zaidi, kwa sababu akiba ni ndogo.

Rimu na matairi

Katika masoko kama Australia, betri ndogo ilikuja na rimu za inchi 17 na matairi ya 215/60, kubwa na inchi 18 za 215/55. Magari mengi ya Ulaya yana 235/50 R18. Wengi huona 18 kuwa pambo zuri. Kwa barabara zenye mashimo, sisi tunapenda 17. Ukuta wa tairi ni mm 129 dhidi ya 118, na hizo mm 11 ndizo zinazotenganisha rimu na ukingo wa shimo. Kipenyo cha jumla kinatofautiana kwa mm 4 tu, hivyo spidomita haidanganyiki kwa kiasi cha maana ukibadilisha. Anayechukua betri kubwa aulize kama anaweza kupewa za inchi 17, na muuzaji athibitishe kwamba rimu inapita kwenye breki na kwamba tairi linabeba uzito unaotakiwa.

Gari halina tairi la spea katika masoko mengi. Lina pampu na chupa ya gundi, na gundi haizibi ukuta wa tairi uliopasuka. Nunua spea kamili na jeki, uvifunge kwenye buti. Nafasi ya lita 440 itapungua, lakini usiku kati ya Mtito Andei na Voi utashukuru. Matairi ya asili ya baadhi ya magari haya huteleza kwenye lami yenye maji ukikanyaga kwa nguvu, kwa kuwa msokoto wote wa Nm 310 unaenda mbele. Tumia hali ya uendeshaji ya Eco mvua inaponyesha.

Skrini ya inchi 12.8 au 15.6 inayozunguka, taa za rangi na mlango wa nyuma wa umeme visikuvute. Hakuna kati ya hivyo kinachobadilisha safari.

Gari lililotumika: angalia soketi kabla ya toleo

Atto 3 iliyotumika inaweza kutoka sehemu tatu, na kila moja ina mdomo wake wa kuchajia.

Ya Uingereza ina usukani wa kulia na soketi ya CCS2, ile ile ya magari rasmi ya Kenya. Hii ndiyo salama kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Majina ya matoleo huko ni Active, Comfort na Design, na mwaka 2023 yote yalikuwa na betri ya kWh 60.48. Usidhani Active ni betri ndogo kwa sababu ni ya bei ya chini.

Ya Japani nayo ina usukani wa kulia, lakini betri yake ni kWh 58.56 na soketi ya haraka ni CHAdeMO. Ukiwa na chaja ya nyumbani na huendi mbali, inafaa. Ukitaka kwenda safari, hesabu kwanza chaja za CHAdeMO kwenye njia yako.

Ya China huitwa Yuan Plus, ina usukani wa kushoto na soketi mbili za GB/T, moja ya polepole na moja ya haraka. Kenya haisajili usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, hivyo gari hili ni la Rwanda, Burundi na Kongo. Adapta ya chaji ya polepole ni rahisi na haina mengi ndani. Adapta ya chaji ya haraka kutoka CCS2 kwenda GB/T ni kompyuta ndogo, kwa sababu chaja na gari huongea lugha mbili tofauti. Za bei ya chini hukata chaji katikati au hupata moto. Ijaribu kwenye chaja unayoitumia kabla ya kuilipia. Skrini ya Yuan Plus imetengenezwa kwa ajili ya huduma za China, na ramani na programu nyingi hazitafanya kazi ulivyozoea. Muhimu zaidi, muulize wakala wa nchi yako kwa maandishi kama atalihudumia na kama dhamana ya betri inavuka mpaka. Kwa kawaida gari lililoletwa kwa njia ya pembeni halina dhamana hapa.

Kwa gari lolote lililotumika, lijaze hadi 100 mbele yako, kisha liendeshe hadi 50 ukiandika kilomita na wastani wa matumizi unaoonyeshwa kwenye dashibodi. Betri kubwa nzima iwe imetoa karibu kWh 30, ndogo 25. Ikitoa 25 kwenye gari linalouzwa kama Extended, ama betri imechoka sana ama umeuziwa toleo la chini lenye beji ya juu, na bei ishuke au uondoke. Fungua pia boneti uangalie betri ya volti 12. Ya kiwandani ni ya lithiamu. Ukiikuta ya maji, fundi fulani aliibadilisha bila kujua, na mfumo wa kuichaji haukupangwa kwa ajili yake. Gari la namna hiyo hulala siku moja asubuhi na kukataa kufunguka, huku betri ya kuendeshea ikiwa na asilimia 80.